Kadi ya waifai haionekani kwenye FreeBSD (ThinkPad X230). Nimekwama, wajuzi njooni

#1 Kijana_wa_Mabibo

Wakuu habari za wikendi.

Nimenunua ThinkPad X230 ya mtumba pale Kariakoo. i5, RAM 8, betri inakaa saa moja na nusu ukiibembeleza. Ilikuja na Windows inayokumbusha kila baada ya muda kwamba haijalipiwa, nikaona isiwe tabu, hii mashine naifanya ya kujifunzia Unix. Linux nimetumia miaka miwili, nilitaka kuonja upande wa pili.

Nimeshusha FreeBSD 14.3, mfumo endeshi wa ukoo wa Unix, kwa bando la usiku, nikaiandika kwenye fleshi, usakinishaji ukaenda vizuri mpaka kwenye hatua ya mtandao. Pale kisakinishi kilitafuta mitandao ya waifai, kikakaa, kikaleta orodha tupu. Nikaruka, nikajisemea nitamalizia ndani.

Nimeingia ndani, naandika `ifconfig`, naona em0 na lo0 basi. Kuna maelezo nimeyakuta mtandaoni yanasema kadi yangu inaitwa iwn0 na niiwashe hivi:

`ifconfig iwn0 up`

Jibu:

`ifconfig: interface iwn0 does not exist`

Nimeangalia hayo maelezo, ni ya mwaka 2010. Je, kadi imekufa? Muuzaji aliniambia kila kitu kinafanya kazi, ila na mimi sikuijaribu waifai pale dukani, nilikuwa nawahi daladala.

#2 ngoma_droo

Rudisha Windows ulale mapema. Kesho kazini.

#3 msomaji_kimya

Nimekaa hapa na kikombe cha kahawa nasubiri wajuzi.

#4 penguini_mweusi

Mkuu mbona rahisi. Andika `lspci`, angalia kadi, halafu `ip link`. Itakuja kama wlp3s0 hivi. Kisha washa NetworkManager, chagua mtandao, weka neno la siri, umemaliza.

#5 Kijana_wa_Mabibo

@penguini_mweusi hakuna lspci wala ip. Zote zinasema haijapatikana.

#6 MzeeWaKonsoli

Penguini, hapo ni nyumba ya watu, usiingie na viatu. FreeBSD haina `ip`, ina `ifconfig` yenyewe ile ya asili iliyotokea kwenye 4.2BSD mwaka 1983 pale Berkeley, ndiyo inayofanya kazi zote, mpaka za waifai. Na kadi haipewi jina kwa mahali ilipochomekwa kama kwenye Linux za siku hizi. Inapewa jina la draiva yake, yaani programu inayoiendesha. em ni draiva ya Intel ya waya, re ni Realtek, iwn ni Intel ya waifai za kizazi hicho. Ukiona jina tu unajua nani anaiendesha, na unajua usome ukurasa gani: `man iwn`. Huo ukurasa uko ndani ya mashine yako sasa hivi, bila bando.

Kijana, usiseme kadi imekufa kabla hujaipima. Lete majibu ya hizi mbili:

`pciconf -lv | grep -B3 network`

`sysctl net.wlan.devices`

#7 Kijana_wa_Mabibo

Naandika kwa mkono kutoka kwenye skrini ile, nisameheni makosa:

`em0@pci0:0:25:0: ... device = '82579LM Gigabit Network Connection (Lewisville)'`

`iwn0@pci0:3:0:0: ... device = 'Centrino Advanced-N 6205 [Taylor Peak]'`

`net.wlan.devices: iwn0`

Kumbe iwn0 ipo! Sasa mbona ifconfig inasema haipo?

#8 Mtaalamu_wa_Zamani

Hapo ni draiva. Tafuta draiva ya Windows XP ya hiyo kadi, faili la .inf na la .sys, halafu tumia `ndisgen`. Itakutengenezea moduli, unaipakia na kldload. Mimi nilifanya hivyo kwenye laptopu yangu ya kwanza na ilipiga kazi miaka mitatu.

#9 MzeeWaKonsoli

Mtaalamu, heshima yako, ujanja wa NDIS, wa kutumia draiva za Windows ndani ya FreeBSD, ulituokoa wengi, na Bill Paul aliyeuandika alistahili kula bure mji mzima. Lakini uliondolewa kwenye FreeBSD 13. Kijana akitafuta ndisgen leo ataikosa na atazidi kuchanganyikiwa. Na hauhitajiki: angalia mwanzo wa mstari wake, umeandikwa iwn0@. Maana yake draiva imeshaikamata kadi. Ingekuwa haina draiva ungeona none0@ pale mwanzoni. Huo ndio mstari wa kwanza wa kuangalia kabla hujamsumbua mtu yeyote. Neno moja tu linakwambia kama tatizo lako ni draiva au ni usanidi.

Sasa nieleze kwa nini ifconfig inakuficha.

Zamani kadi ya waifai ilikuwa inaonekana kama kadi ya waya: iwn0, unaiwasha, unaipa jina la mtandao, unaendelea. Kuanzia FreeBSD 8.0, mwaka 2009, wakatenganisha vitu viwili. Kuna kadi yenyewe, na kuna kiolesura unachokijenga juu yake, kinachoitwa wlan0. Fikiria kiwanja na nyumba. Kiwanja unacho, lakini hakuna mgeni anayepiga hodi kwenye kiwanja kitupu. Anwani ya IP, neno la siri, jina la mtandao, vyote vinakaa kwenye nyumba. Faida yake ni kwamba kadi zinazoruhusu unaweza kuzijengea nyumba mbili juu ya kiwanja kimoja.

Miaka ya mwanzo kiwanja kilikuwa bado kinaonekana kwenye ifconfig, kuanzia toleo la 11 wakakiondoa kabisa pale. Kwa hiyo maelezo yako ya 2010 hayakudanganyi kwa siku yake. Yamezeeka tu.

Jenga nyumba:

`ifconfig wlan0 create wlandev iwn0`

`ifconfig wlan0 up scan`

Lete majibu.

#10 DadaSkripti

Hiyo ya kiwanja na nyumba naiiba nikafundishie. Nina wanafunzi wa diploma kila mwaka wanakwama hapo hapo.

#11 Bahari_ya_Oman

Assalaam aleikum. Miye niko Maskati, hapa natumia OpenBSD, nduguye FreeBSD, kwenye X230 hiyo hiyo. Kwetu hakuna habari ya kiwanja na nyumba, kadi ni iwn0 na unaizungumza moja kwa moja. Unafungua faili `/etc/hostname.iwn0`, unaandika mistari miwili:

`join "Nyumbani" wpakey "neno_la_siri"`

`inet autoconf`

Kisha `sh /etc/netstart iwn0`. Kwisha. Na ukiongeza mistari ya join kwa mitandao mingine, ya kazini, ya kwa shemeji, inachagua yenyewe iliyo karibu. Kitu kimoja tu: famiwea ya Intel, programu ndogo inayokaa ndani ya kadi yenyewe, haimo ndani ya diski ya kusakinishia, `fw_update` huishusha mara ya kwanza unapowasha. Kwa hiyo siku ya kwanza uwe na waya.

#12 ngoma_droo

Yaani unahitaji intaneti ili upate intaneti. Hii ni sawa na wanaotaka uzoefu wa miaka mitano ndiyo wakupe kazi ya kwanza 😂

#13 Kijana_wa_Mabibo

Wlan0 imekubali! Sasa nikiandika ifconfig naiona, ila mbele ya status imeandikwa `no carrier`. Na ile scan inakaa kama sekunde kadhaa inarudi bila kitu. Hakuna hata mtandao mmoja. Simu yangu iko hapa pembeni inaona mitandao tisa.

#14 penguini_mweusi

Famiwea hiyo. Kadi bila famiwea ni pambo.

#15 MzeeWaKonsoli

Wazo zuri ila si kwa kadi hii. Famiwea ya 6205 ni moduli iitwayo iwn6000g2afw na inakuja pamoja na mfumo, inapakiwa yenyewe draiva inapoihitaji. Hakikisha kwa `kldstat | grep iwn`. Ukiiona, sogea mbele.

Enzi za Centrino za mwanzo ndiyo ilikuwa tabu. Kadi ya 2200BG, draiva ya iwi, ilikuwa haiwaki mpaka uandike kwenye `/boot/loader.conf` kwamba umesoma leseni ya Intel na umeikubali: `legal.intel_iwi.license_ack=1`. Nilipoteza Jumapili nzima kwa mstari huo. Kabla ya hapo tulikuwa na kadi za PCMCIA, Orinoco zile, draiva ya wi, zinachomoza ubavuni mwa laptopu kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Ukipita mlangoni vibaya unaivunja.

#16 Kijana_wa_Mabibo

kldstat inaonyesha iwn6000g2afw.ko ipo. Bado bila bila.

#17 Jirani_wa_Namanga

Buda, niaje. Hapa Kenya hizi X230 tunazo mob, ofisi zikibadilisha mashine ndizo zinamwagwa sokoni. Angalia ubavuni mwa laptopu, kuna kaswichi kadogo ka kuteleza, kana alama ya mawimbi ya redio. Kakiwa upande wa kuzima kanaonyesha rangi, kakiwashwa rangi inajificha au kinyume, sikumbuki vizuri. Sogeza upande ule mwingine. Halafu soma `dmesg | tail`, ujumbe wa mwisho wa mfumo, uone kama kadi ilikuwa inalalamika kwamba redio imezimwa na swichi.

#18 Kijana_wa_Mabibo

...

Wakuu naomba uzi ufutwe, nihame nchi.

Swichi ilikuwa imezimwa. Nimeitelezesha, nikarudia scan, mitandao imetiririka. Na dmesg ilikuwa inaniambia hilo muda wote, sikuisoma. Ndiyo maana hata kisakinishi kilileta orodha tupu.

#19 ngoma_droo

😂😂😂 FreeBSD haina kosa jamani, iombwe radhi.

#20 DadaSkripti

Usijione mjinga, kaka. Nimewahi kufungua laptopu, nikatoa kadi, nikaisafisha kwa pamba, nikairudisha, ndipo nikagundua swichi. Wewe hujashika hata bisibisi.

Na kwa kuwa nimetaja bisibisi: wengine wakiona waifai haiwaki wanakimbilia kununua kadi nyingine na kuibadilisha. ThinkPad za enzi hizo zina orodha ya kadi zinazokubalika ndani ya BIOS, ile programu inayowasha mashine. Ukiweka isiyomo kwenye orodha, mashine haiwaki kabisa, inasimama na kosa namba 1802 inasema kadi haijaidhinishwa. Sasa una laptopu isiyo na waifai na isiyowaka. Kabla ya kununua kadi ya ndani hakikisha, au nunua ya USB.

#21 Kijana_wa_Mabibo

Asante dada. Sasa tatizo jipya, na hili silielewi kabisa. Naona mitandao ya majirani, naona hotspoti ya simu yangu nikiiwasha. Ila ruta ya nyumba yetu, ambayo iko sebuleni kwa mama mwenye nyumba, hatua kama kumi kutoka chumbani kwangu, haionekani. Simu inaishika kwa mistari yote minne. Laptopu haioni hata jina. Nimeanza kuamini ushirikina.

#22 penguini_mweusi

Ruta itakuwa inarusha GHz 5 tu.

#23 MzeeWaKonsoli

6205 inasoma 2.4 na 5 zote, kwa hiyo hiyo peke yake haitoshi kuwa sababu. Kijana, kwenye simu weka programu yoyote ya kuchambua waifai, angalia ruta ya mama iko chaneli namba ngapi. Halafu kwenye laptopu:

`ifconfig wlan0 list chan`

#24 Kijana_wa_Mabibo

Simu inasema ruta iko chaneli ya 13, 2472 MHz.

Laptopu inaorodhesha 1, 2, 3... mpaka 11 (2462 MHz), kisha inaruka inaanza zile za GHz 5.

Haaa.

#25 MzeeWaKonsoli

Umejijibu.

Kwa wasomaji wengine: masafa ya waifai yanatawaliwa na sheria za kila nchi. Marekani kwenye 2.4 GHz watu hutumia chaneli 1 mpaka 11. Ulaya na sehemu nyingi za dunia zinaruhusu mpaka 13. FreeBSD usipoiambia uko wapi, inajichukulia iko Marekani. Haiwezi kusikiliza chaneli ya 12 wala ya 13, kwa hiyo ruta iliyokaa huko ni kama haipo duniani. Simu yako haina shida hiyo kwa sababu inajua nchi kutokana na laini: mtandao wowote wa simu wa Tanzania unajitambulisha kwa namba 640, Kenya 639, na simu inapanga chaneli zake kulingana na hapo. Laptopu haina laini, itajuaje?

Na ruta nyingi zimeachwa zichague chaneli zenyewe. Umeme ukikatika ukarudi, inaamka inachagua upya. Jana ilikuwa 6, leo 13. Mtu anasema "jana ilikuwa inashika, leo haishiki, nimebadilisha nini?" Hujabadilisha kitu, ni umeme tu.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiambia FreeBSD nchi, wakati wa kuijenga wlan0, kwa `create_args_wlan0` kwenye rc.conf, faili la usanidi wa mfumo. Orodha ya nchi na herufi zake unaipata kwa `ifconfig wlan0 list countries`. Lakini kadi za Intel zina orodha yao ya chaneli iliyochomwa ndani kiwandani, na draiva inaiheshimu. Kama kadi yako ilitengenezwa kwa soko la Marekani unaweza kubadilisha nchi mpaka asubuhi na 13 isije.

Ya pili ni kuitoa ruta kwenye 13, na hiyo ndiyo ningefanya mimi.

#26 Kijana_wa_Mabibo

Mzee, ruta ni ya mama mwenye nyumba. Nimechelewa kodi wiki moja.

#27 ngoma_droo

Huu uzi umekuwa tamthilia. Msomaji_kimya ongeza kahawa.

#28 Jirani_wa_Namanga

Mwambie unamsaidia kuboresha spidi. Si uongo. Ruta ikiwa peke yake kwa chaneli moja na majirani wote wako nyingine, kila mtu anafaidika.

#29 MzeeWaKonsoli

Kabla hujaenda, hesabu. Andika `ifconfig wlan0 list scan` uangalie safu ya CHAN. Chaneli za 2.4 zimepishana MHz 5 tu, na mawimbi ya ruta moja yana upana wa kama MHz 20, kwa hiyo jirani aliye chaneli ya 4 anakukanyaga wewe wa 6. Ndiyo maana watu hutumia 1, 6 na 11 tu, hizo hazigusani. Chagua yenye watu wachache.

#30 Kijana_wa_Mabibo

Tano ziko kwenye 6, mbili kwenye 1, moja kwenye 11. Ngoja nivae shati.

#31 DadaSkripti

Wakati tunamsubiri. Kwa anayesoma akiwa hana hata waya wa LAN: simu ya Android ndiyo mkombozi. Chomeka kwa USB, kwenye simu washa ile ya kugawa intaneti kwa USB, halafu kwenye FreeBSD:

`kldload if_urndis`

`dhclient ue0`

Simu inakuwa kadi ya mtandao, inaitwa ue0. Simu mpya mpya nyingine hazitumii njia hiyo, kwa hizo jaribu `kldload if_cdce`. Kisha unashusha unachohitaji. Kuanzia toleo la 14 kuna amri ya `fwget`, inaangalia kadi zilizomo na kusakinisha famiwea zinazokosekana. Hiyo ni kwa mashine mpya hasa, X230 haihitaji.

Kumbuka tu kwamba ni bando lako la simu. Usianze kushusha mazingira mazima ya dawati usiku huo huo.

#32 msomaji_kimya

Nitoke kimya changu kidogo. Mimi nina laptopu mpya yenye Intel AX201. Hii nayo ni iwn?

#33 MzeeWaKonsoli

Hapana, hiyo ni iwlwifi, draiva iliyochukuliwa kutoka Linux na kuwekewa ngozi ya FreeBSD. Iliingia 13.1 na kwa muda mrefu ilikuwa inakwenda kwa spidi za kale, za kiwango cha waifai cha 11g, watu wakalalamika na walikuwa na haki. Toleo la 14.3 la Juni 2025 ndilo lililoleta 11ac, kiwango kipya chenye kasi zaidi, kwa kadi kadhaa za Intel za familia hiyo. Kama uko kwenye toleo la nyuma, panda kwanza kabla ya kulaumu ruta.

Wapo waliochoka kusubiri wakatumia wifibox: wanaendesha Linux ndogo ndani ya mashine pepe ya bhyve, wanaikabidhi kadi, kisha FreeBSD inapata intaneti kutoka humo. Inafanya kazi. Mimi kwa uzee wangu naona ni kumkodi dereva wa jirani akuendeshee gari lako ndani ya uwanja wako mwenyewe, ila inafanya kazi.

#34 Bahari_ya_Oman

Kwetu OpenBSD draiva ya iwx ishaendesha AX200 zamani, shekhe. Nasema tu.

#35 MzeeWaKonsoli

Najua. Na draiva ya iwn tunayoijadili hapa asili yake ni kwenu, Damien Bergamini aliiandika OpenBSD, sisi tukaichukua. Hatujasahau.

#36 penguini_mweusi

Swali la pembeni wazee. Hii FreeBSD ni Unix kweli au inafanana tu? Maana naona mleta uzi kaandika Unix.

#37 MzeeWaKonsoli

Kwa damu ndiyo, inatokana na msimbo wa Berkeley, uliotokana na Unix ya Bell Labs iliyoanza 1969. Kwa cheti hapana, haijasajiliwa. macOS ndiyo ina cheti. Ni kama mtoto wa ukoo asiye na cheti cha kuzaliwa. Mambo ya mirathi hayo, tusiyafungue hapa.

#38 Kijana_wa_Mabibo

MREJESHO.

Mama mwenye nyumba kanipokea vizuri. Nikamweleza, akasema "mwanangu hii ruta hata mimi huwa inanisumbua kila umeme ukikatika". Neno la siri la kuingilia lilikuwa limebandikwa chini ya ruta, halijawahi kubadilishwa tangu ifungwe. Nimeweka chaneli 11, nimeitoa kwenye kujichagulia, na nimembadilishia lile neno la siri nikamwandikia kwenye daftari lake la kodi. Kuhusu kodi amesema tutaongea mwisho wa mwezi.

Nimerudi chumbani, scan, imeonekana.

Nikaweka kwenye `/etc/wpa_supplicant.conf`:

`network={`
`  ssid="jina_la_ruta"`
`  psk="neno_la_siri"`
`}`

Na kwenye `/etc/rc.conf`:

`wlans_iwn0 = "wlan0"`
`ifconfig_wlan0 = "WPA SYNCDHCP"`

Nikawasha upya, wlan0 ikapotea tena! Na wakati inawaka kuna maneno yalipita haraka kama `wlans_iwn0: not found`.

#39 DadaSkripti

Nafasi! Toa nafasi kabla na baada ya alama ya `=`. rc.conf si faili la orodha, ni skripti ya sh. Ukiacha nafasi, sh inadhani wlans_iwn0 ni amri na inaenda kuitafuta. Usihariri kwa mkono kama bado unazoea, tumia sysrc, yenyewe haikosei:

`sysrc wlans_iwn0="wlan0"`

`sysrc ifconfig_wlan0="WPA SYNCDHCP"`

`service netif restart`

Ile mistari ya mwanzo uifute. Na lile faili la wpa_supplicant lina neno la siri la mama wa watu, lifungie: `chmod 600 /etc/wpa_supplicant.conf`.

#40 Kijana_wa_Mabibo

`status: associated`

`inet 192.168.1.23`

ping inakwenda, pkg inashusha. Naandika ujumbe huu kutoka kwenye X230 yenyewe, kwa kivinjari cha maandishi matupu maana bado sijaweka dawati. Mzee, Dada, Jirani, mbarikiwe sana. Hata ngoma_droo.

Kitu kimoja: nikifunga kifuniko ikalala, ikiamka mtandao unakuwa umekatika na haurudi.

#41 MzeeWaKonsoli

`service netif restart wlan0` ikiamka. Ukichoka kuiandika, iweke kwenye `/etc/rc.resume` ijiendeshe yenyewe. Na siku ukipata waya wa LAN kazini, soma kuhusu lagg kwenye Handbook, kitabu cha mwongozo cha FreeBSD: em0 na wlan0 zinaunganishwa kuwa kitu kimoja, ukichomoa waya inahamia waifai bila kukatika. Si ya leo hiyo. Leo weka dawati, ule, ulale.

#42 Jirani_wa_Namanga

Poa sana buda. Na hiyo swichi weka selotepu isiguswe na begi.

#43 Kijana_wa_Mabibo

Mama mwenye nyumba kagonga mlango sasa hivi. Waifai imekuwa nzuri, anauliza kama naweza kuangalia na king'amuzi.

#44 mgeni_jana

Wakuu samahani kwa kuingilia uzi, mimi nina laptopu yangu ya kadi ya Broadcom, na mimi kwangu haionekani, nifanyeje?

#45 MzeeWaKonsoli

`pciconf -lv`. Angalia kama ni none0. Angalia na swichi. Kisha fungua uzi wako, nitakuja.